Kabati Mwisho wa Chumba

Ukikiona kitanda kimesimama uani kwa Mfaume, mwenye nyumba, saa nne asubuhi, usiulize nani amekufa wala nani anahama. Ni Leonia ameanza tena. Wapangaji wenzake walikwisha kuzoea. Walikuwa wakikizunguka na ndoo zao za maji, wakimpa pole za dhihaka, naye akiwajibu kwa kuhema tu kutoka ndani, maana saa hizo alikuwa amelikumbatia kabati na hana pumzi ya kugombana na mtu.

Nyumba ile ilikuwa kongwe kuliko utawala wa Mwingereza na wa Mjerumani aliyemtangulia. Ilisimama Tabora, kando ya njia ya zamani iendayo Ujiji, na Mwarabu aliyeijenga hakuijenga ili watu wakae. Aliijenga ili mizigo ilale siku mbili tatu, kisha ibebwe iendelee na safari. Kwa hiyo vyumba vyake vilikuwa maghala. Upana wake uliamuliwa na miti ya paa: mti ulipoishia, ukuta ukasimama. Urefu haukuamuliwa na kitu, ukaenda tu. Chumba walichopanga Leonia na mumewe kilikuwa na upana wa hatua tatu na nusu na urefu wa hatua kumi na nne. Mlango ulikuwa ncha hii, na ncha ile kulikuwa na kidirisha kimoja, kidogo, kilichowekwa juu ili ngozi na nafaka zisivunde.

Mtu ambaye hajaishi kwenye chumba cha namna hiyo atasema, kwani shida iko wapi? Nafasi si ipo? Nafasi ipo, lakini imekaa vibaya. Ukivipanga vitu vyote upande mmoja, umepata uchochoro. Ukivipanga pande zote mbili, unapita kwa ubavu. Ukivikingamiza, itabidi uvipande. Na popote utakapokiweka kitanda, mgeni akifungua mlango jambo la kwanza analoliona ni mto wako. Modest, mumewe Leonia, alikuwa akifanya kazi kwenye treni za mizigo za Kigoma, kufunga na kufungua mabehewa, na kila aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Haya, nimeshuka behewa, napanda behewa." Kisha aliingia kwa kunyata, kwa kuwa hakujua safari hii kitanda kiko wapi. Siku moja alijitupa juu ya meza ya kulia, mahali ambapo kitanda kilikuwapo juzi yake, akavunja sahani mbili.

Leonia alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa mwanga. Alikuwa fundi wa kudarizi. Alidarizi foronya na vitambaa vya meza kwa wake wa makarani na kwa masista, na kazi ya sindano haitaki giza. Lakini mwanga wa kidirisha kile ulikuwa haufiki mbali. Asubuhi ulipiga ukuta wa kushoto, alasiri ukahamia wa kulia, na katikati ya chumba ulikuwa umekwisha kufa. Leonia aliufuata na meza yake. Meza ikisogea, masanduku nayo yasogee. Masanduku yakisogea, kitanda kinaziba njia. Na kitanda hakigeuki ndani ya hatua tatu na nusu zenye vitu vingine. Sharti kitoke uani, kigeuzwe huko, kisha kirudi.

Lakini tusidanganyane. Mwanga ulikuwa nusu ya sababu tu, na nusu ya pili ilikuwa Leonia mwenyewe. Alizaliwa Choma, nchi ya ng'ombe, ambako mtu akisimama mlangoni kwao anaiona mvua ingali mbali kabisa, anaingia ndani, anamaliza kupika, ndipo inafika. Kuta zilimchosha. Chumba kikikaa wiki mbili bila kubadilika, kifua kilimbana, mikono ikamwasha, akawa anainuka na kukaa, anainuka na kukaa, mpaka uzi unamfungamana vidoleni. Akishahamisha vitu alilala usingizi wa mtoto. Siku ya tatu, utamkuta tena anaikodolea macho meza.

Marcelina, mpangaji wa chumba cha pili, Mmoravian mwenye ulimi wake, alikuwa akimwambia, "Mama Josepha, babu yako alibeba mizigo mpaka Bagamoyo na kurudi. Wewe unabeba kabati mpaka dirishani na kurudi. Ukoo wenu aliuroga nani?"

Leonia alicheka, na kesho yake kitanda kikawa uani.

Kabati lenyewe ndilo lililokuwa balaa kuu. Modest alilileta kwa treni kutoka Urambo, kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga aliyekuwa akifunga virago, na alilipata kwa urahisi kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyelitaka. Lilikuwa la mninga, la milango miwili, refu karibu ya kugusa paa, na upana wake ulikuwa pungufu kidogo tu kuliko upana wa chumba. Leonia alikuwa amejifunza kulitembeza peke yake kwa kuliingizia gunia chini ya miguu na kulisukuma kwa mgongo.

Kisha, mwaka wa hamsini na mbili, baada ya mavuno, mama yake akaja.

Bibi Ngollo alikuwa akiishi Choma na mwanawe wa kiume, Jilala. Majani yalipokwisha, Jilala aliwapeleka ng'ombe upande wa Geita, na mkewe akasema wazi kwamba safari ya porini si ya mwanamke mzee. Wakampandisha bibi kwenye basi la Tabora. Alishuka na kigoda chake, kibuyu cha ugoro, na furushi moja. Leonia alipiga magoti pale pale vumbini, akamwamkia kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, mayu."

Mama yake aliitikia, akamshika uso kwa viganja viwili, akaupapasa taratibu kutoka kwenye paji mpaka kidevuni.

"Umekonda," akasema. "Nakuona umekonda."

"Na macho, mama? Jilala alituma salamu kwamba yanakusumbua."

"Yana ukungu kidogo. Yananitosha."

Leonia hakuuliza zaidi. Tangu aolewe, miaka kumi na saba, hakuwahi kukaa na mama yake zaidi ya wiki, na alimtaka. Alimtaka kwa uchoyo kabisa. Binti zake wawili walikuwa bweni kwa masista, mume yuko Kigoma nusu ya maisha yake, na leo amepewa mama. Hata Jilala angerudi kumdai, asingempa. Naye Bibi Ngollo hakuwa na pengine pa kwenda. Kibanda chake cha Choma kilikuwa kimebaki peke yake, hakuna hata mtu wa kumwashia moto.

Sasa, palikuwa na jambo la ukwe. Modest na Leonia walikuwa Wakatoliki, wamebatizwa, wamefunga ndoa kanisani. Lakini padri alibatiza watu, hakubatiza ukwe. Kwa watu wao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Mkwe hamtaji mkwewe kwa jina, hamwoni akila, na kitanda cha mmoja, mwingine hapiti hata karibu nacho, sembuse kukigusa. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote. Modest alimheshimu Bibi Ngollo kiasi kwamba katika miaka yote hiyo alikuwa amemwona mara mbili, na mara zote mbili alimwona kisogo.

Haya, watie watu hao wawili katika chumba cha mlango mmoja. Bibi akilala ndani dirishani, atapita kitandani kwa mkwewe kila anapotoka. Akilala mlangoni, mkwewe atapita kitandani kwake. Vyumba vya Mfaume vilikuwa vimejaa, na Marcelina alikuwa akilala na wajukuu watano. Modest alikaa uani akijikuna kichwa.

"Nitalala stesheni," akasema.

"Mwaka mzima? Hulali stesheni," alisema Leonia. "Nipe mpaka jioni."

Hapo ndipo ule ugonjwa wake ulipopata kazi. Alitoa kila kitu nje. Akapima chumba kwa uzi wa kudarizia, akapima kabati, akapima kitanda, akapima hata mabega ya mama yake bila kumwambia kwa nini. Kisha akaanza kurudisha. Kabati alilisimamisha kwa urefu wa chumba, sambamba na ukuta wa kulia, akaacha kati yake na ukuta kijia cha kumtosha mtu mmoja mwembamba. Upande wa pili wa kabati, kushoto, akakificha kitanda chake na Modest, chenye kuingiliwa pale pale mlangoni. Kabati lilipoishia akatundika kaniki mbili kutoka kwenye miti ya paa, na kaniki zilipoishia akapanga masanduku. Mtu akiingia, anashika kijia, anapita mgongo wa kabati, anapita kaniki, anapita masanduku, anatokea ncha ya ndani penye kitanda cha bibi na meza ya kudarizi. Haoni hata ukucha wa mtu mwingine.

Marcelina alikipita kijia kile kwenda na kurudi, akatoka uani ameshika kiuno. "Umechonga barabara," akasema. Kwa Marcelina, hiyo ilikuwa sifa.

Mambo yakaenda. Modest aliporudi safari alikohoa mlangoni mara mbili. Bibi alijifunika kanga kichwani, akageukia ukuta, na mkwewe akaingia kwake. Mchana Leonia alidarizi dirishani, mama yake akiwa ameketi kitandani karibu naye, akimhesabia ng'ombe wa zamani kwa majina yao, nani alizaa nani, nani alichukuliwa na fisi. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile Leonia alikuwa na furaha.

"Mke wangu," Modest alimwambia, "nakuomba kwa jina la Mama Maria. Usiguse tena kitu."

"Sigusi."

"Hata kigoda."

"Nimekwambia sigusi!"

Kiapo kilimkaa siku ishirini na tatu. Siku ya ishirini na nne aliamka mikono inawasha. Akadarizi, akafumua. Akafagia, akafagia tena. Alilitazama lile kabati, nalo likawa kama limemkalia kifuani. Akaanza kujitafutia sababu, na mwenye kutafuta sababu haikosi. Modest anarudi leo, amekesha njiani siku mbili, na kulala pale mlangoni mchana na kelele za uani ni mateso. Na mama naye, kila akitaka kwenda msalani anatembea kijia chote kile. Je, si afadhali mama alale mlangoni, Modest alale ndani kwenye utulivu? Kijia kihamie kushoto, kipite kando ya mama kwa nyuma ya kabati. Ni kazi ya saa moja. Ni huruma, wala si ugonjwa.

Bibi Ngollo alikuwa barazani na Marcelina, wakichambua karanga. Leonia alitoa kitanda kimoja tu uani, na kwa kuwa baraza iliupa ua mgongo, Marcelina hakukiona. Akaviringisha kaniki, akalisukuma kabati kwa mgongo, akabadilisha. Modest alipofika saa tatu na nusu, macho mekundu, alisimama mlangoni akatazama, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," alisema Leonia. "Nenda ukalale ndani kabisa. Nimekuwekea shuka safi."

Modest alikuwa amechoka mno hata kugombana. Akaenda akalala. Leonia akachukua ndoo kwenda bombani, akiwaza kwamba akirudi atamwambia mama juu ya mabadiliko. Na hata asipowahi kumwambia, mama si ana macho? Ataona mwenyewe.

Bibi Ngollo aliishiwa ugoro. Alimwambia Marcelina anakifuata kibuyu, akainuka, akapita uani akiwa ameinyoosha shingo, akaingia mlangoni. Kijia cha kulia kilikuwa bado wazi, kwa sababu Leonia alikuwa hajamaliza kutundika kaniki za kukiziba. Mkono wa bibi ukagusa mbao. Ukagusa sanduku. Akaenda mpaka mwisho, kama alivyokwenda kila siku, akageuka, akaketi kitandani.

Aliketi juu ya miguu ya mkwewe. Akanyoosha mkono kwenye mto kutafuta kibuyu, akashika kichwa cha mwanamume.

Kule bombani Leonia alimsikia mama yake akipiga ukelele, akaiacha ndoo.

Alipofika, Modest alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, ameelekea ukutani. Mama yake alikuwa uani, amekaa chini kwenye jua, kanga imefunika kichwa na uso wote. Furushi lake alilokuja nalo lilikuwa mapajani. Marcelina alikuwa amelileta, maana bibi alikataa kukanyaga ndani tena.

"Mama," alisema Leonia, akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

Mama yake alilivuta furushi karibu na tumbo.

"Ni bahati mbaya. Tutatafuta mbuzi, wazee watasema la kufanya, yataisha. Lakini mama, hukuona kuwa nimegeuza? Kabati liko kule, kitanda kiko huku, na mwanamume mzima amelala! Ungeona mlangoni tu!"

Marcelina alikohoa, akasema taratibu, bila ulimi wake wa kila siku, "Mama Josepha. Tangu asubuhi tunachambua karanga. Mbovu na nzima anazitia ungo mmoja."

Leonia alimtazama mama yake. Aliinua mkono wake mbele ya ile kanga, akaushusha, akaona aibu ya kumjaribu mama yake kama mtoto.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kabla ya mavuno ya mwaka juzi," alisema Bibi Ngollo kutoka ndani ya kanga. "La kushoto lilitangulia."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini?" Sauti ya mama ilipanda ghafla, yenye hasira. "Mwenye ukungu anapelekwa kwa mkwe. Kipofu hapelekwi! Kipofu atamkwepaje mkwewe? Atajuaje yuko wapi? Kukwepa si lazima uone? Mimi nilijua nikisema, mumeo atasema hapana, na atakuwa na haki. Nikanyamaza. Nikahesabu. Kutoka mlangoni, mbao hatua tatu. Nguo hatua tatu. Sanduku, sanduku, kitanda. Nilikijua chumba chako kuliko wewe. Mimi naona kwa kukumbuka, Leonia. Nikiamka naijua jana, nashika jana, natembea. Na wewe leo umeiondoa jana yangu, umeweka mwanamume mahali pake."

Leonia alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, yakaanguka kwenye magoti yake yenye vumbi.

"Nipeleke kwenye basi," alisema mama yake. "Kibanda changu cha Choma hakitembei."

"Choma hakuna mtu, mama."

"Ndiyo. Hakuna wa kumkalia miguu."

Hapo ndani ya chumba palisikika kikohozi, mara mbili. Sauti ya Modest ilitoka nyuma ya ukuta, ikimlenga Marcelina, maana yeye na mkwewe hawasemeshani.

"Mama Elieza, hujambo huko?"

"Sijambo, baba."

"Nasikia kuna mtu anataka kusafiri kwa sababu ya mtu aliyelala. Mwambie aliyelala alikuwa usingizini. Hakuona mtu wala hakuguswa na mtu."

Marcelina aligeuka. "Bibi, anasema aliyelala hakuguswa."

"Nimesikia," alisema Bibi Ngollo. Akafikiri kidogo. "Mwambie hata aliyeketi hakuketi."

"Anasema hata aliyeketi hakuketi, baba."

"Vizuri. Basi na hili mwambie pia." Modest alisita, alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno haya yalikuwa mengi kwake. "Mwambie kukwepa ni kazi ya mwenye macho. Mimi ninayo mawili. Nitakwepa kwa ajili yangu, na nitakwepa kwa ajili yake. Asiondoke."

Marcelina safari hii hakurudia. Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. Bibi Ngollo aliweka mkono juu ya furushi.

"Mkwe ni mtu," akasema mwishowe. "Mtu huyo sina neno naye. Lakini hiyo nyumba je? Nani ataizuia isitembee?"

Marcelina alimtazama Leonia. Hata yule aliye nyuma ya ukuta alikuwa anamtazama, Leonia aliihisi. Neno la kusema lilikuwa rahisi: naapa. Lakini alikwisha kuapa, alipoombwa kwa jina la Mama Maria, na kiapo kilidumu siku ishirini na tatu. Alijijua. Mikono itawasha tena, na sababu nzuri itapatikana. Alimwogopa yule Leonia wa wiki tatu zijazo kuliko alivyoogopa basi la Choma.

"Sitaapa, mama," akasema. "Mimi kiapo sikiwezi. Inuka ukapange wewe. Kitu utakachokiweka wewe, nitajua ni mkono wako uko juu yake. Mkono wa mama yangu siwezi kuusogeza."

Bibi Ngollo akanyoosha mkono, akasubiri ushikwe.

Walitoa kila kitu uani, masanduku, meza, vitanda, likabaki lile kabati. Leonia na Marcelina walilivuta mpaka mlangoni likawashinda. Lilikuwa limekwama kwenye kizingiti. Leonia alifikiri, kisha akasema kwa sauti, "Mama, nimemwita fundi atusaidie."

"Fundi wa wapi?"

"Wa stesheni."

"Aha." Bibi alijivuta kanga usoni zaidi. "Haya. Mwambie ashike chini, asiivunje mbao."

Basi Modest akatoka pembeni alikokuwa amejibanza, kichwa amekiinamisha, akawa fundi. Hakusema neno mchana wote. Alinyanyua pale alipoambiwa anyanyue, akaweka pale alipoambiwa aweke, na kila bibi aliposogea upande mmoja yeye alihamia upande wa pili, akipanda juu ya masanduku, akijibana ukutani, mara moja akitokea uani kabisa ili kumpisha. "Mwambie fundi kitanda chao kiwe hapa mlangoni," alisema bibi, "na kifunikwe na kitu kigumu, si kaniki. Nguo haisemi." Fundi alileta turubai lake nene la safari, likatundikwa toka paani hadi sakafuni. Bibi alilipiga kwa kiganja, likavuma, akaridhika.

Akaenda polepole mpaka mwisho wa chumba, mkono mmoja ukutani. Akasimama chini ya kidirisha.

"Hapa pana baridi," akasema. "Kila usiku upepo huu hunipiga. Unatoka wapi?"

Leonia alitazama juu. Mwanga wa saa nane ulikuwa umemwangukia mama yake mabegani na kwenye nywele zake nyeupe. Ndipo alipotambua kwamba tangu mama yake afike, hajawahi hata siku moja kumwambia dirisha liko wapi. Nani humwonyesha dirisha mtu anayeona?

"Mwambie fundi alete kabati hapa," aliendelea bibi. "Alikingamize, lizibe ukuta wote huu. Kitanda changu kikae mbele yake. Nataka nikigusa mbao kubwa nijue nimefika kwangu, haina kosa. Vitu vingine vyote vinafanana, ila hilo. Na baridi itakoma."

Modest, aliyekuwa mlangoni, alimtazama mkewe. Alinyoosha kidole kimya kimya juu, kwenye kidirisha. Marcelina naye alifungua mdomo.

"Ni ufa tu, mama," alisema Leonia upesi. "Kuna ufa ukutani. Fundi, lete kabati."

Lilipita kwa shida, likachubua kuta zote mbili, likafika mwisho likageuzwa inchi kwa inchi. Lilipoegemea ukuta, chumba kikazimika. Ilibaki nuru ya mlangoni tu, na hiyo ilikufa kwenye turubai. Modest na Marcelina walitoka wakipapasa.

Bibi Ngollo alienda mlangoni akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mara ya tatu alikuja bila kugusa ukuta, haraka, akinyoosha mkono mwishoni tu, na mkono ukaikuta mbao pale pale ulipoitarajia. Akacheka. Leonia hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu akiwa msichana. Akaketi kitandani kwake, akakiweka kibuyu cha ugoro chini ya mto, akavua kanga kichwani.

"Huyo fundi mwambie ahsante," akasema. "Anajua kazi, na hana kelele."

"Nitamwambia."

"Na wewe kazi yako utafanyia wapi? Mwanga wa kudarizi unao hapo?"

"Ninao, mama," alisema Leonia. "Mwingi tu."

Alikuwa amesimama mezani, anapapasa katikati ya nyuzi na foronya, akitafuta kiberiti.